Simu ya Pole

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limelala ndani ya kitambulisho, na huko ndiko lilikobaki. Kwa waliomjua na kwa waliomsikia tu, alikuwa Dada Karibu. Alisema neno hilo kwa sauti ya mtu anayefungua mlango kwa mkono mmoja na kuvuta kiti kwa mwingine. Hata wageni wa kasino waliotoka jana yake wakiapa kwamba hawatarudi walijikuta wamekaa kabla hawajajua kwamba wamekaa.

Ukumbi wa kasino haukuwa na dirisha wala saa ukutani. Zulia lilikuwa zito, likimeza vishindo vya viatu, na baridi ya ndani ilikuwa ileile asubuhi na alasiri, hata mgeni akitoka nje jua lilimpiga usoni kama kofi la mzazi. Mashine zilisimama safu kwa safu zikiimba nyimbo zao fupi, na mbele ya kila mashine palikuwa na kiti kirefu cha ngozi nyekundu. Lakini Dada Karibu hakufanya kazi ukumbini. Alifanya kazi nyuma ya pazia, katika chumba cha simu, pamoja na wasichana wengine wawili, kila mmoja na vipokea sauti masikioni na kioo cha kompyuta mbele yake.

Kazi yao ilikuwa kuwaamsha wageni waliolala. Mgeni aliyelala, kwa lugha ya pale, hakuwa mtu aliyesinzia. Alikuwa mtu aliyekuwa akija kila mara na sasa haji. Jina lake lilitokea kwenye kioo, nawe ukampigia. Hukutaja kamari wala pesa. Uliuliza mtoto amepona homa? Mke amejifungua salama? Ile nyumba imeezekwa? Ulisikiliza, ukacheka naye, ukamwonea huruma, na kabla ya kukata simu ulisema maneno matatu ambayo Meneja alikuwa ameyachagua mwenyewe: "Kiti chako kipo." Msimamizi alisikiliza simu zote, na msichana aliyesahau maneno hayo alikatwa mshahara. Ukishakata, mashine yenyewe ilimtumia mgeni zawadi ya kucheza bure kidogo, na ujumbe kwamba gari la kasino lingeweza kumfuata mlangoni kwake.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Meneja alipenda kuwaambia. "Wazee waliijua biashara hii kabla yetu."

"Mwenyeji anapona kweli," alinong'ona Bi Deki, mama aliyepiga deki ukumbi mzima na vyoo vyake. "Ila mgeni mwenyewe anarudi kwao mahututi."

Dada Karibu alikuwa mtu wa sala. Kila asubuhi, kabla ya kuvaa vipokea sauti, aliingia katika stoo ya vikombe, akafunga mlango na kuwaombea wageni wake kwa majina. Aliomba Mungu awape riziki na awarudishe kwao salama. Kisha alitoka akaketi, akaanza kuwapigia simu. Hakuona kwamba alikuwa akiomba mlango ufungwe huku mguu wake mwenyewe umeuzuia. Wengi wetu hatuoni mguu wetu.

Miongoni mwa wageni wake alikuwapo fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, waliyemwita Cheche kwa sababu ya madoa meusi ya moto yaliyojaa mikononi mwake. Kiti chake kilikuwa kando ya nguzo. Alianza kama watu wote, kwa kujaribu. Baadaye ikaondoka mashine yake kubwa ya kuchomelea, ikafuata jenereta, mwisho akawa kibarua katika karakana ambayo zamani ilikuwa yake. Kisha siku moja akaacha kuja, na jina lake likatokea kwenye kioo cha Dada Karibu.

Alipompigia, hakupokea Cheche.

"Kaka yangu, habari za siku nyingi!"

"Kaka yako anaoga," ikajibu sauti ya mwanamke mzee. "Wewe nani, mwanangu?"

"Mimi... mimi ni rafiki yake, mama. Tunafahamiana kazini."

"Kazini kwake au kwako?"

"Kwangu, mama."

Bibi yule akacheka mpaka akakohoa. "Ndiyo maana anajificha na simu yake! Nami najiuliza, huyu mtoto kaanza kunenepa mashavu, kuna nini? Sikiliza, binti. Mwanangu ana mikono ya dhahabu, ila mfuko wake umetoboka. Ukimpata, mshonee."

Dada Karibu alitaka kumsahihisha, lakini msimamizi alikuwa akisikiliza. Akacheka naye, akamwuliza hali ya miguu, akaambiwa miguu inauma ila ulimi mzima. Mwisho akasema kama ilivyo desturi ya kazi, "Mwambie, mama, kiti chake kipo."

"Nitamwambia," akasema bibi. "Na chako kipo huku kwetu."

Tangu siku hiyo, jina la Cheche lilipotokea kwenye kioo, Dada Karibu alilisukuma chini na kuendelea na jingine. Hakumwambia mtu. Cheche naye hakurudi. Habari alizoletewa na Bi Deki, aliyekaa mtaa mmoja na Cheche, ni kwamba mama yake alikuwa ameanza kulala kitandani mchana kutwa, na mwanawe alikuwa amemwapia kwamba hatakanyaga tena zulia lile. Alikuwa akimlisha uji kwa kijiko, akimgeuza, akimwosha. Mtaa mzima ulikuwa umeanza kumsalimia tena.

Halafu asubuhi moja Bi Deki aliingia chumba cha simu bila ndoo.

"Yule mama wa Cheche ametutoka."

Dada Karibu alivua vipokea sauti. "Lini?"

"Alfajiri ya leo. Mwanawe alikuwa amemshika mkono."

Pole ya msiba ni deni. Unaweza kuikosa harusi ya mtu, ukasamehewa, lakini msiba wake ukiupita kimya, mmeachana. Dada Karibu aliona machozi yamemtoka kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kumwona uso.

"Nitampigia sasa hivi," akasema.

"Nenda kwa miguu yako."

"Mapumziko yangu ni Jumapili, Bi Deki."

"Basi subiri Jumapili. Maiti haendi popote, na hiyo simu si yako, mwanangu. Hiyo simu ni ya bosi."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli na Dada Karibu aliyasikia. Lakini wafanyakazi hawakuruhusiwa kutoka na namba ya mgeni, na namba ya Cheche ilikuwa pale tu, ndani ya kile kioo. Akawaza, pole ni pole, hata ipitie bomba gani. Akavaa vipokea sauti.

"Dada Karibu," Cheche akasema. "Hata wewe umesikia."

"Nimesikia, kaka yangu. Pole. Pole sana. Mungu amlaze mahali pema."

"Amina. Alikuwa akikuuliza, unajua? Nilishindwa kumwambia wewe ni nani. Nikamwacha na furaha yake."

Wakalia wote wawili, mmoja uani kwa watu na mwingine nyuma ya pazia. Dada Karibu alimwambia ajikaze, ale hata kama hasikii njaa, asikae peke yake.

"Watu wamejaa hapa, dada, lakini niko peke yangu. Dada yangu amenikabidhi mfuko wa rambirambi. Wazee wamesema mtoto wa kiume ndiye mshika mfuko. Basi kila anayetoa ananitazama mikono."

"Waache watazame. Wewe mzike mama yako, watakuona."

"Haya, dada. Asante. Umenifariji kuliko wote."

"Tuko pamoja, kaka yangu. Kiti chako kipo."

Mzoea udalali hawezi kazi ya duka. Ulimi ule ulikuwa umetembea njia ile mara nyingi mno, siku ile ulikwenda wenyewe, kama punda anayejua nyumbani. Dada Karibu aliyasikia maneno yamekwisha kutoka.



"Kipo?" Cheche akauliza, polepole.

"Kaka, nilitaka kusema—"

Simu ilikuwa imekatika. Kwenye kioo, mashine ikaandika kwa herufi za kijani kwamba zawadi imetumwa.

Hakuinuka. Alijiambia kwamba mtu aliyefiwa na mama hawezi, kwamba hata shetani ana mipaka. Aliomba kidogo, macho wazi, kisha akapokea jina lililofuata.

Kesho yake alasiri Bi Deki alivuta pazia. "Mtu wako yuko nguzoni."

Dada Karibu alichungulia. Cheche alikuwa ameketi kwenye kiti chake kirefu, amevaa shati jeusi la msiba, na katikati ya miguu yake palikuwa na mfuko wa kitambaa uliofungwa kwa kamba ya katani. Kamba ilikuwa imelegezwa. Mhudumu alikuwa amemwekea soda baridi na sahani ya kuku, vyote bure, na alikuwa hajavigusa. Alikuwa akibonyeza bila kupumzika, uso umetulia kabisa, kama mtoto anayenyonya.

Akaenda mbio ofisini kwa Meneja. Meneja alikuwa kijana nadhifu, mwenye heshima, asiyepandisha sauti hata siku moja.

"Bosi, yule wa nguzoni amefiwa. Ile pesa si yake. Ni ya kumzikia mama yake."

"Umemuuliza?"

"Najua, bosi."

"Sisi hatumuulizi mgeni pesa yake imetoka wapi, dada. Ni kumvunjia heshima. Huyo ni mtu mzima, ana akili zake, amekuja kupoza moyo. Kila mtu analia kivyake."

"Amekuja kwa sababu nilimpigia."

"Basi umefanya kazi nzuri." Meneja akatabasamu, bila kejeli, na hilo ndilo lililomtisha. "Rudi kwenye simu."

Akarudi kwenye simu. Hapo ndipo penye uchungu wa habari hii. Palikuwa na hatua chache tu kutoka mlango wa ofisi mpaka kwenye nguzo. Angeweza kwenda akaushika mfuko ule, akapiga kelele, akafukuzwa kazi siku hiyohiyo na mfuko ukiwa bado na kitu ndani. Aliitazama nguzo, akamkumbuka mama mwenye nyumba wake na ada ya mdogo wake, akaingia nyuma ya pazia. Alimwombea Cheche mpaka midomo ikakauka. Mungu alimsikia, bila shaka, lakini miguu ya kwenda nguzoni alikuwa ameshampa.

Aliyekuja asubuhi iliyofuata ni dada mkubwa wa Cheche. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo wa chekechea, na watu wote walimwita Mwalimu. Alivaa kitambaa cheusi kichwani, na vidoleni bado alikuwa na rangi ya chaki, kana kwamba msiba ulimkuta ubaoni na hajapata nafasi ya kunawa. Bawabu alitaka kumzuia, akamtazama, akamwachia njia.

Meneja alimpokea vizuri. Akaagiza maji, akamwita Dada Karibu aje kumfariji mgeni, kwa maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Ofisini palikuwa na meza ya kioo, maua ya plastiki, na runinga ndogo ukutani iliyoonyesha ukumbi. Kiti cha nguzoni kilionekana. Kilikuwa kitupu.

"Pole sana na msiba, mama yangu," Meneja akasema.

"Asante. Sikuja kwa pole, baba. Nimekuja kuchukua mfuko."

"Mfuko upi?"

"Mfuko wa kumzikia mama. Majirani walitoa, na wauza mboga, na wazazi wa watoto ninaowafundisha. Kuna bibi alitoa yai, akaniambia niuze. Mama yuko mochwari, na hawamtoi bila malipo. Sitaki mlichopata kwake siku zote. Karakana mmekula, sawa. Nataka cha jana tu."

Meneja akaunganisha vidole vyake. "Mwalimu, nakuelewa kuliko unavyodhani. Lakini pesa ikishaingia kwenye mashine haina jina. Nikikurudishia wewe, kesho watakuja wangapi? Na hatukumlazimisha. Alikuja kwa hiari yake. Kisu kikikukata kidole, humshtaki aliyekitengeneza."

"Mtengeneza visu hanipigii simu kuniuliza mbona siku hizi sijikati."

Bi Deki, aliyekuwa akisugua sakafu ya nje muda mrefu kuliko sakafu ilivyohitaji, akajikohoza.

"Nisikilize," Mwalimu akaendelea. Hakuwa akifoka. Aliongea kama anayewaeleza watoto jambo ambalo ni lazima walielewe kabla ya kengele. "Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Nakubali. Ndugu yangu ni mwizi, amemwibia mama yake aliyelala mochwari, na nimemwambia hivyo usoni. Huo ni mkono wake. Mimi nami nina mkono wangu. Nilijua ugonjwa wake, nikampa mfuko, kwa sababu wazee walisema apewe, na kwa sababu alimwuguza mama vizuri nikataka watu wamwone. Nilijivunia ndugu yangu kwa mfuko wa watu. Hilo nitalijibu kwa Mungu. Basi mzigo huu una mikono mingi, na kila mmoja ameshika pake. Nauliza tu, mkono wenu uko wapi?"

"Sisi tulimfungulia mlango, mama. Basi."

"Nani alimwita?"

"Hakuna aliyemwita."

Dada Karibu alikuwa amesimama kando ya maua ya plastiki, ameshika trei ya bilauri za maji. Alijua kwamba akinyamaza, atapokea mshahara mwisho wa mwezi, na mwanamke huyu ataondoka akiamini kwamba ndugu yake aliamka mwenyewe pembeni ya maiti na kutafuta njia.

"Nilimpigia mimi," akasema.

Meneja hakushtuka. "Alimpa pole," akamweleza Mwalimu kwa upole. "Ni binti mwenye utu. Tangu lini pole imekuwa kosa?"

Mwalimu alimgeukia Dada Karibu, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Ulimpa pole?"

"Ndiyo, dada. Ya kweli. Nililia."

"Kisha?"

"Kisha nikamwambia kiti chake kipo."

"Kiti gani?"

Dada Karibu alitazama runinga ya ukutani, na Mwalimu akafuata macho yake mpaka kwenye kile kiti chekundu kando ya nguzo.

"Hayo maneno," akasema. "Nimeyasikia wapi? Kumbe ndiwe binti wa simu. Mama alikuwa akiongea habari zako. Alikuwekea kitenge kwenye sanduku, akasema nisimpe mtu." Akainuka. "Alikufa akiamini mwanawe amepata mtu wa kumshonea mfuko."

Kwa sauti ileile nzuri, Meneja akasema kasino haina jiwe kifuani. Italeta shada la maua siku ya mazishi, na gari lake litawasaidia wafiwa usafiri, bure. Mwalimu alitoka, akipita juu ya maji ya Bi Deki bila kuyaona.

Dada Karibu alifukuzwa kazi kabla bilauri hazijaoshwa. Hakuna aliyemfokea. Meneja alimwambia amechoka, kazi hii inahitaji moyo mwepesi, na Bawabu akamvua beji huku akiangalia pembeni.

Mwalimu aliuza jokofu lake na kitanda chake, akaenda mochwari, akamtoa mama yake. Jeneza lilikuwa la mbao nyembamba zisizopigwa randa. Siku ya mazishi Dada Karibu alikuja kwa miguu, mikono mitupu, amejifunga kitambaa cheusi alichoazimwa na Bi Deki. Bi Deki alikuwa amekifunga mwenyewe kichwani mwake, akakaza fundo na kumwambia, "Nenda. Ni haki yako kwenda. Ila sauti yako iache nyumbani."

Makaburini wanaume hawakumpa Cheche jembe. Alinyoosha mkono mara mbili, mara mbili likapitishwa kwa mwingine, na mzee mmoja akasema, si kwa kunong'ona, "Mfuko ulimshinda, sembuse jembe." Akabaki amesimama nyuma ya watu, akisugua madoa ya mikono yake. Dada Karibu alimtazama kutoka upande wa wanawake, akaomba ardhi ipasuke, na ardhi ikapasuka kwa mtu mmoja tu, aliyekuwa amekwisha kupumzika.

Waliporudi nyumbani, ua ulijaa. Geti lilikuwa kazi ya Cheche mwenyewe ya siku za neema, lenye ndege wawili wa chuma juu yake. Dada Karibu alisimama karibu nalo, hajui aingie au atoke. Mwalimu alimwona. Watu walitegemea matusi, na pengine Dada Karibu aliyatamani. Mwalimu alimwonyesha kiti kimoja cha plastiki kando ya mlango wa chumba cha mama.

"Alisema siku moja utakuja," akamwambia. "Kaa."

Hakuweza kukaa. Alikishika tu mgongo wake.

Hapo ndipo Cheche alipomwona. Alikuja akipenya katikati ya watu, na uso wake, uliokuwa umezimika tangu asubuhi, ukawaka. Alikuwa akitabasamu. Watu wakadhani jambo jema limemjia, na mwanamke mmoja akasogea kumpisha.

"Dada Karibu! Nilijua tu utakuja." Akamwinamia sikioni. "Gari umeliacha wapi?"

Mwalimu alisikia, na wanawake wawili waliokuwa karibu wakasikia pia.

Dada Karibu alifungua kinywa. Alikuwa amebeba pole tangu nyumbani, pole iliyonyooka, isiyo na bosi nyuma yake, na alikuwa ameirudia njiani mpaka akaihifadhi kichwani. Lakini aliona jinsi macho ya mtu yule yalivyokuwa yakimngoja, akatambua kwamba hata akisema nini, Cheche atakisikia kiti. Akafunga kinywa. Akamshika kifundo cha mkono, akampeleka kwa dada yake, akauweka mkono ule ndani ya mkono wenye chaki, akavikunja vidole vya Mwalimu juu yake kimoja kimoja.

Kisha akageuka akatoka. Hakumuaga mtu. Nyumba ya msiba haiachwi hivyo, na waliomwona walisema binti hana adabu. Maisha yake yote alikuwa amewaaga watu kwa kuwakaribisha tena. Siku ile aliwaonea huruma, akaondoka bila neno.

"Dada!" Cheche akaita nyuma yake. "Dada Karibu!"

Hakugeuka. Alikuwa amefika barabarani aliposikia honi.

Gari la kasino lilikuwa likija polepole juu ya mashimo, limeoshwa, jina la kasino limeandikwa ubavuni kwa rangi ya dhahabu. Kiti cha nyuma kilikuwa na shada kubwa la maua. Dereva, waliyejuana naye, akashusha kioo.

"Afadhali nimekuona. Msiba ni nyumba ipi? Bosi kasema nishushe maua, halafu nirudi na yeyote anayetaka lifti."

"Geuza gari," Dada Karibu akasema.

"Na maua?"

Alikwisha kuzunguka upande wa pili, akafungua mlango wa mbele, akaketi katika kile kiti kilichokuwa wazi. "Geuza, kaka yangu. Nakuomba kwa jina la Mungu, geuza sasa hivi."

Dereva alimtazama, akaona si wakati wa kuuliza. Barabara ilikuwa nyembamba. Alilazimika kurudi nyuma, kwenda mbele, kurudi nyuma tena, huku injini ikinguruma. Katika kioo cha pembeni Dada Karibu aliona geti la ndege wawili likifunguka kwa nguvu na Cheche akitoka, akiinua mkono kama mtu aliyeachwa kituoni, kisha akianza kukimbia.

Alikimbia vizuri, kama kijana. Nyuma yake alikuwa Mwalimu, kitambaa kimemwanguka, kiatu kimoja hana. Akamfikia, akamdaka shati jeusi kwa mikono yote miwili, akajiachia chini kwa uzito wake wote. Cheche akaendelea kuvuta, akimburuta dada yake vumbini, macho kwenye gari.

Dada Karibu hakuomba tena riziki ya mtu wala kurudi salama. Gari lilipokuwa likinyooka na kushika kasi, alimwomba Mungu jambo moja tu, kwamba lile shati lisichanike.